Tarehe 36 Julai, kutoka Dhaka hadi Wandegeya

Bangladesh kuna tarehe isiyo kwenye kalenda yoyote: 36 Julai. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani tarehe 1 Julai 2024, na serikali ilipoanza kuwaua walikataa kuuacha mwezi uishe. Agosti mosi wakaiita 32 Julai, wakaendelea kuhesabu hivyo mpaka waziri mkuu Sheikh Hasina, aliyekuwa ametawala miaka 15 mfululizo, alipopanda helikopta kukimbilia India. Kalenda za kwetu siku hiyo zilisoma 5 Agosti.

Jioni hiyo nilikuwa kwenye kibanda cha chai Kisenyi, hapa Kampala, na simu zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Video zilionyesha watu wakitoka ndani ya makazi ya waziri mkuu wamebeba viti na televisheni. Binti wa dada yangu, anayesoma Makerere, alikuwa pembeni yangu na macho yake yalikuwa yakimetameta. “Mjomba, unaona? Wanafunzi tu! Hawakuwa na bunduki hata moja.” Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Arua aliyekaa Kisenyi tangu miaka ya sabini, aliitazama video mpaka mwisho, akamrudishia simu. “Mjukuu wangu, wewe umeona siku ya kwanza. Nionyeshe siku ya mia moja.”

Tangu jioni ile nimekuwa nikiyapima maneno ya wawili hao. Ninaandika kwa sababu naamini kila mmoja ameshika kitu cha kweli, na kwa sababu mijadala yetu hapa Uganda huwa inamtaka mtu achague upande kabla hajasikiliza. Wiki mbili tu kabla ya Hasina kuondoka, tarehe 23 Julai 2024, vijana wa Kampala nao walijaribu kuandamana hadi Bungeni kupinga ufisadi. Walikuwa wameona majirani zao wa Kenya mwezi uliotangulia wakimlazimisha Rais Ruto kuuondoa muswada wa fedha, kwa gharama ya watu zaidi ya 60 waliouawa. Rais Museveni aliwaonya wa kwetu kwamba wanacheza na moto. Wengi hawakufika hata karibu na Bunge. Polisi na wanajeshi walikuwa wameshafunga barabara, na waliojitokeza walikamatwa kwa makumi.

Kwa nini basi Dhaka iliwezekana?

Tuanze na chanzo, maana kinasahaulika. Wanafunzi wa Bangladesh hawakuanza kwa kudai serikali ianguke. Walidai ajira. Asilimia 30 ya nafasi za kazi serikalini zilikuwa zimetengwa kwa wazao wa waliopigania uhuru mwaka 1971, na ukijumlisha mafungu mengine, zaidi ya nusu ya nafasi zote zilikuwa na wenyewe kabla mtihani haujafanywa. Mgao huo ulifutwa mwaka 2018 baada ya maandamano, kisha Juni 2024 Mahakama Kuu ikaurudisha. Kijana aliyehitimu, ambaye baba yake ameuza shamba ili asome, akaambiwa upya kwamba kiti chake ni cha mjukuu wa mtu fulani. Hilo halihitaji nadharia ya siasa kulielewa. Uganda hatuna sheria ya mgao wa namna hiyo, lakini mwulize mhitimu yeyote anayeendesha bodaboda kwa nini hakuipata kazi aliyofanyia usaili, uone kama hatakutajia kabila, ukoo, au jina la mkubwa.

Kisha ukaja ulimi. Tarehe 14 Julai Hasina aliuliza mbele ya waandishi wa habari: kama nafasi hazitakwenda kwa wajukuu wa wapigania uhuru, ziende kwa wajukuu wa “razakar”? Neno hilo kule ni sawa na msaliti. Ndilo jina la wale walioshirikiana na jeshi la Pakistan mwaka 1971. Usiku huohuo mabweni yalimwagika nje. Siku mbili baadaye, mjini Rangpur, mwanafunzi Abu Sayed alisimama mbele ya polisi ametanua mikono, mikono mitupu, na akapigwa risasi huku kamera zikirekodi. Nimeitazama video hiyo mara moja na sitairudia. Baada yake intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na tarehe 21 Julai Mahakama ya Juu ikaupunguza mgao wa wazao wa wapiganaji hadi asilimia 5. Dai la awali lilikuwa limetimizwa karibu lote. Ila sasa kulikuwa na maiti, na kwa maiti hapakuwa na asilimia ya kupunguza.

Hapo ndipo harakati ilipotoka chuoni. Wazazi walitoka, walimu wakatoka, na waendesha riksho wakasimama kando ya barabara wakiwapigia saluti wanafunzi. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuja kukadiria kwamba huenda watu hadi 1,400 waliuawa kati ya 15 Julai na 5 Agosti, wengi wao kwa risasi za vyombo vya dola. Anayesema yalikuwa mapinduzi ya amani aseme ni amani ya upande mmoja.

Na bado hata hao wote wasingetosha. Usiku wa kuamkia tarehe 5, jeshi liliamua kutowafyatulia risasi raia ili kulinda amri ya kutotoka nje. Mkuu wa majeshi, Jenerali Waker-uz-Zaman, alikuwa na wiki sita tu kwenye cheo, na alikuwa na undugu wa ndoa na Hasina mwenyewe. Maofisa wastaafu walikuwa wamejitokeza hadharani siku moja kabla wakitaka wanajeshi warudishwe kambini. Wanajeshi wa Bangladesh ni miongoni mwa walinda amani wengi zaidi wa Umoja wa Mataifa, na kazi hizo ni heshima na ni mshahara. Kuua wanafunzi mbele ya dunia kungeziweka hatarini. Zaidi ya yote, askari wa kawaida alikuwa na mdogo wake kwenye umati ule. Hasina hakuondoka siku wanafunzi walipokuwa wengi. Umati wa maelfu ulikuwepo wiki tatu nzima. Aliondoka siku alipogundua kwamba akitoa amri haitatekelezwa.

Mpwa wangu hapendi nikisema hivi. Anaona ninawapokonya wanafunzi ushindi wao na kuupeleka kambini. Lakini ndiyo hesabu yenyewe, na ndiyo inayomtia mzee wangu wa Arua hofu, kwa sababu yeye ameishi katika nchi ambayo kila mara kambi ilipoamua, raia walilipa. Alikuwa kijana Amin alipompindua Obote mwaka 1971, na anakumbuka jinsi watu wa Kampala walivyocheza barabarani siku ile. Alikuwepo Watanzania walipoingia mwaka 1979. Alikuwepo miaka ya themanini, wakati neno “panda gari” lilipokuwa jina la msako: wanajeshi wanazunguka mtaa alfajiri, wanawatoa watu nyumbani, wanawapakia kwenye malori, na wengine hawarudi. Akisema “siku ya mia moja”, anazihesabu zake.

Ushahidi wake wa nje una uzito pia. Ethiopia, wanafunzi wa Addis Ababa waliandamana kwa karibu miaka kumi wakidai ardhi iwe ya mkulima, na mwaka 1974 wimbi lao na la wafanyakazi lilimtoa Haile Selassie. Aliyekaa kwenye kiti chake alikuwa Dergi, kamati ya wanajeshi, na kufikia 1977 na 1978 kizazi kilekile cha wanafunzi ndicho kilichokuwa kikiuawa kwenye mitaa ya Addis katika kampeni iliyoitwa Ugaidi Mwekundu. Madagascar, mwezi Septemba 2025, vijana walitoka kwa ajili ya maji na umeme. Rais Rajoelina akakimbia, na aliyeapishwa Oktoba alikuwa Kanali Michael Randrianirina, aliyetoka kwenye kikosi kilekile kilichomsaidia Rajoelina kuingia madarakani mwaka 2009.

Na ipo Sudan, ambayo kwetu si habari ya redioni. Nenda Kiryandongo, kwenye barabara ya Gulu, ukaone wakimbizi kutoka Khartoum waliokuwa na nyumba za ghorofa na sasa wanapanga foleni ya maji. Harakati zilizomng'oa Omar al-Bashir zilianza Desemba 2018 mjini Atbara, bei ya mkate ilipopanda, na wanafunzi wa sekondari walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoka. Tarehe 11 Aprili 2019 Bashir alianguka baada ya miaka 30. Vijana walipiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi wakiamini askari wako upande wao, na baadhi ya askari kweli walikuwa. Tarehe 3 Juni kambi hiyo ilivunjwa na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Mwaka 2021 majenerali wakachukua madaraka yote. Tarehe 15 Aprili 2023 majenerali haohao, Burhan wa jeshi na Hemedti wa kikosi cha RSF, wakageuziana bunduki. Mzee wangu akifika hapa hunyamaza na kuacha Kiryandongo iseme.

Lakini hapa ndipo ninapoachana naye. Nimewahi kuzungumza na kijana mmoja wa Khartoum aliyekuwa kwenye kamati ya mtaa wake mwaka 2019. Nilimwuliza, kama ungejua ya 2023, ungetoka? Akasema anaulizwa swali hilo kila siku, na kila siku anashangaa kwa nini haulizwi jenerali. Nimelibeba jibu hilo. Hoja ya kwamba “wanafunzi walileta vita Sudan” inamtoza deni mtu aliyedai mkate na kumsamehe aliyenunua silaha. Kamati zile za mitaa ndizo, vita vilipoanza, zilizogeuka kuwa vyumba vya dharura vya kupika chakula na kuwahamisha majeruhi, wakati dola yenyewe imetoweka. Kama kuna kitu kilichobaki cha Sudan, vijana hao wamekibeba.

Tena mzee huchagua mifano. Korea Kusini, wanafunzi walimwondoa Syngman Rhee Aprili 1960, na mwaka mmoja baadaye jeshi la Park Chung-hee likapindua. Ukisimama hapo, mzee ameshinda. Ila Wakorea hawakusimama hapo. Mwaka 1987, baada ya mwanafunzi Park Jong-chul kufa akiteswa na polisi, walirudi barabarani kwa mamilioni na kupata uchaguzi wa rais wa moja kwa moja, na mpaka leo wanachagua. Indonesia, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti walipigwa risasi tarehe 12 Mei 1998. Tarehe 21 Suharto akajiuzulu baada ya miaka 32. Jeshi la Indonesia lilipoteza viti vyake bungeni hatua kwa hatua, na nchi hiyo kubwa haijarudi kwenye utawala wa jenerali kwa mapinduzi. Mali, Machi 1991, wanafunzi waliuawa, Moussa Traoré akaondolewa na Amadou Toumani Touré, na mwanajeshi huyo akakabidhi madaraka kwa rais aliyechaguliwa mwaka uliofuata. Mali ya leo iko tena mikononi mwa wanajeshi, najua. Lakini walipata miaka ishirini ya uchaguzi, na miaka ishirini ni utoto na ujana wa mtu mzima mmoja.

Bangladesh yenyewe inakataa kumpa ushindi yeyote kati yao. Baada ya Hasina kukimbia, polisi walitoweka vituoni kwa woga na kwa mgomo, na kwa siku kadhaa wanafunzi ndio waliosimama kwenye makutano ya barabara za Dhaka wakiongoza magari. Viongozi wao wawili, Nahid Islam na Asif Mahmud, waliingia kwenye serikali ya mpito ya Muhammad Yunus wakiwa bado na umri wa wanafunzi. Wakati huohuo makundi yalikuwa yakichoma nyumba za wafuasi wa chama cha Hasina na kushambulia familia za Wahindu. Februari 2025 umati ulibomoa kwa tingatinga nyumba ya Sheikh Mujib, baba wa taifa lao na baba yake Hasina; mwezi huohuo wanafunzi wakaanzisha chama chao cha siasa. Novemba 2025 mahakama ilimhukumu Hasina kifo akiwa hayupo. Wapo wanaoona haki humo. Mimi naona pia nchi inayojifunza kulipiza kisasi kwa kutumia mahakama aliyoiunda mwenyewe mhukumiwa, na hilo linanitia wasiwasi.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko swali linakouma.

Makerere haijawahi kuwa chuo cha kimya. Mwaka 1976, chini ya Amin, mwanafunzi wa sheria Paul Serwanga aliuawa kwa risasi Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, na miezi michache baadaye wanajeshi wakavamia mabweni. Desemba 1990, wanafunzi wakipinga kuondolewa kwa posho zao, polisi waliwaua wawili. Hiyo ilikuwa tayari serikali ya sasa, iliyoingia Januari 1986 ikiahidi mabadiliko ya msingi. Oktoba 2019, wanafunzi wa kike walianzisha maandamano dhidi ya nyongeza ya karo ya asilimia 15 kwa mwaka, na usiku askari wakaingia Lumumba Hall wakivunja milango. Na Rais Museveni mwenyewe, kabla ya vita vya msituni vilivyomwingiza madarakani, alikuwa kiongozi wa wanafunzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, kwenye kikundi cha wanamapinduzi cha USARF. Anajua vizuri mwanafunzi anaweza kuwa nini.

Mpwa wangu anaorodhesha yanayofanana: serikali ya muda mrefu, ajira hakuna, idadi kubwa ya watu wasiomjua rais mwingine, intaneti inayozimwa wakati wa uchaguzi kama ilivyozimwa Januari 2021. Yote kweli. Ninachomwambia ni kwamba kilichoiamua Dhaka hakiko kwenye orodha hiyo.

Jeshi letu ndilo lililozaa serikali. Lilitoka msituni likiwa chama chenye bunduki, lina viti 10 bungeni kwa mujibu wa sheria, na tangu Machi 2024 mkuu wake ni mtoto wa rais. Nalo pia linalinda amani nje: liko Somalia tangu 2007. Kama hofu ya kupoteza kazi za Umoja wa Mataifa au Umoja wa Afrika ingetosha kulizuia, isingekuwa Novemba 2020. Kyagulanyi (Bobi Wine), mgombea urais wa upinzani, alikamatwa Luuka tarehe 18, watu wakatoka, na ndani ya siku mbili waliuawa wasiopungua 54, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Wengine walikuwa wachuuzi na wapita njia. Miezi iliyofuata vijana wakaanza kuliogopa basi dogo lisilo na namba, lile waliloliita “droni”, linalochukua mtu na kuondoka naye. Mzee aliposikia habari za droni alisema, “Ni panda gari, limepungua viti tu.”

Kuna tofauti nyingine ambayo hatuisemi sana. Novemba 2020 waliokufa walikuwa wa Kisenyi, Katwe, Kivulu. Wanafunzi wengi walikuwa kimya. Oktoba 2019 waliopigwa walikuwa wa Makerere, na Kivulu, iliyo ng'ambo ya ukuta, ilitazama. Dhaka ilianguka riksho na chuo vilipokutana. Huku, kijana wa bodaboda anamwona mwanafunzi kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuwa mkubwa, na mwanafunzi anamwona wa bodaboda kama vurugu. Wanakula kikomando, chapati na maharage, kwenye kibanda kimoja Wandegeya bila kujuana majina. Huo ndio ukuta ningependa kuona ukivunjwa kabla ya mtu yeyote kuwaza ukuta wa Bunge, na hauhitaji kibali cha polisi.

Ukiniuliza nimesimama wapi: wanafunzi wana haki ya kutoka, na damu ikimwagika mwenye deni ni aliyefyatua na aliyeamuru. Lakini kumwita kijana barabarani kwa kumwonyesha video ya 36 Julai peke yake ni kumficha tarehe 3 Juni ya Khartoum, na mtu mzima hapaswi kumfanyia mtoto hivyo. Yule anayemzuia kwa kumwonyesha Khartoum peke yake anamficha Seoul.

Linabaki suala la askari, na hapa niseme kwa kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Katika nchi hii lugha yangu ilijulikana kwanza kama lugha ya kambi. Watu wengi wa kusini walijifunza maneno yake machache kwenye kizuizi cha barabarani: simama, kaa chini, toa kitambulisho, panda gari. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wazazi bado huniambia wazi kwamba hawaitaki nyumbani. Dhaka, mwanafunzi alipomwita askari ndugu, alimwita kwa lugha ya mama ya wote wawili. Kwetu, mwanafunzi wa Makerere akisimama mbele ya askari kijana wa umri wake aliyetoka Karamoja au Nile Magharibi, lugha pekee waliyo nayo pamoja inaweza kuwa ile ambayo mmoja amezoea kuamrisha kwayo na mwingine amezoea kuitii kwa woga.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nafundisha hali ya kuamuru kidato cha tatu. Tuliandika ubaoni: simama, kaa, ondoka, panda. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyosha mkono akauliza, “Mwalimu, mtu wa chini akitaka kumwambia wa juu asifanye kitu, anasemaje?” Nikaandika ubaoni: usipige. Nikaongeza, tafadhali usipige, afande. Darasa zima likanakili.